Kifurushi cha Mwezi

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila mikono inanuka sabuni hata siku ya mapumziko, na juzi nimeungua kidole kwa pasi ya mvuke. Si sana.

Habari ya kidole nilikupigia simu nikakueleza, hukumbuki? Nilisema nimeungua, ukajibu, "Na wewe pia, mwanangu." Nikasema nimepewa mapumziko ya siku mbili, ukajibu, "Na wewe pia." Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, na barua hii naipeleka kwenye basi kama zilizotangulia.

Baba, nina jambo nataka unishauri. Hapa kiwandani tunakofua mashuka ya mahoteli, zamu zilikuwa zinabandikwa ukutani, karibu na mlango wa chumba cha pasi. Tangu mwaka mpya msimamizi anazituma kwenye kundi la simu, na kitochi changu, simu hii ndogo ya vitufe, hakiingii kwenye kundi lolote. Wiki iliyopita nilikuja kwenye zamu isiyo yangu, nikarudishwa. Wiki hiyohiyo nikakosa iliyo yangu, nikakatwa mshahara wa siku. Msimamizi kasema ya tatu nitakuwa nimejifukuza kazi mwenyewe.

Basi nimepita dukani kucheki simu. Muuzaji aliniwekea tatu juu ya kioo. Ya chini ni nusu ya mshahara wangu. Ya kati ni mshahara mzima. Ya juu ni mishahara miwili na nusu, hiyo niliishika nikairudisha haraka. Halafu kuna mambo ya bando: bando la wiki, bando la mwezi, bando la mwezi la kila kitu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mtu wa kazi kama yangu anatakiwa atumie kiasi gani? Wewe umekaa na vitu vya watu miaka arobaini, unajua kipi kinadumu na kipi kinapamba tu.

Pesa ya sikio lako ipo palepale kwenye bati la biskuti. Sijaigusa na sitaigusa. Karatasi ya vipimo ninayo, na ile chapa ya sikio aliyokuchukua muuguzi nayo ninayo, nimeifunga kwenye soksi isivunjike. Duka la vifaa vya kusikia wanasema wakishalipwa ni wiki mbili tu, halafu nitakutumia kwa basi.

Nijibu haraka.

Ni mimi binti yako,
Kitindamimba


11 Februari

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba. Goti limepoa, mdomo haujapoa.

Barua nimeipata. Bwana Risiti wa dirisha la mizigo, pale ofisi ya mabasi, aliiinua juu nikiwa bado ng'ambo ya barabara, nami nikajua nimeandikiwa. Mtu yule ana maudhi yake, anakuandikia risiti hata kwa bahasha nyepesi, anakutaka usaini mahali pawili. Lakini haniiti jina kwa sauti halafu akasubiri niseme "eti?" mbele ya foleni. Anainua tu bahasha. Sijawahi kumwomba afanye hivyo.

Kwanza, lugha. "Kucheki" ndiyo kufanya nini? Na "bando" ni mnyama gani? Yote mawili nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Usinieleze maana yake, sitaki. Ukimwandikia baba yako, mwandikie kwa Kiswahili.

Pili, simu. Unamwuliza fundi saa habari za simu? Hizo ndizo zilizoninyang'anya wateja. Zamani aliyetaka kujua saa alivaa saa. Siku hizi anatia mkono mfukoni, anatoa kioo, anacheka na kioo, anakirudisha, ukimwuliza saa ngapi anakitoa tena. Hata hivyo nitakushauri, maana umeuliza vizuri.

Usiulize simu ina nini. Jiulize wewe una kazi gani nayo. Kazi yako ni kuona zamu, na hiyo hata ya chini inaiweza, ila vya chini navijua, vitarudi mezani kwa fundi kabla ya mwaka. Chukua ya kati. Na hicho kinacholipwa kila mwezi, hicho ndicho ukitazame kwa jicho kali kuliko simu yenyewe. Kitu unakinunua siku moja ukasahau. Cha kila mwezi kinakaa nawe kama mpangaji.

Tatu, hili nakuandikia wewe tu. Mjane wa karani, yule wa nyumba yenye ngazi, aliniletea saa yake ya ukutani yenye pendulamu. Saa ya namna ile hupangwa kwa sikio. Tik na tak lazima zilingane. Zisipolingana saa inachechemea, na kesho kutwa inasimama. Mimi sizisikii tena, mwanangu. Nimeanza kuuma kona ya sanduku kwa meno ili mlio unipitie tayani. Jumanne mjane aliingia akanikuta nimeuma saa ya marehemu mumewe. Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliiomba saa yake kwa upole, akaiondoa kama ilivyo.

Tangu mwaka uanze nimerudishiwa saa tatu. Zote zinachechemea. Naona haya kupita barabara ile.

Sikuharakishi.

Baba yako,
Fundi Saa


1 Machi
(Haikutumwa)

Baba,

Shikamoo. Naandika upesi kabla sijakufikiria uso nikageuza maneno.

Nimenunua ile ya juu.

Nilikwenda kununua ya kati, kama ulivyosema. Mshahara wangu ulikuwa mkononi, umekunjwa. Mle dukani nikawakuta wenzangu wawili wa chumba cha pasi wanachagua makava ya simu. Mmoja akaniona na kitochi changu, kile cha kufungwa na mpira, akamwambia muuzaji, "Huyo mwache, yeye na kitochi wamefunga ndoa." Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Muuzaji akaniuliza, "Dada, wewe unaishia wapi?" Nikasikia mdomo wangu unasema naishia juu.

Ningeweza kusema ni mdomo tu. Lakini pesa ya juu sikuwa nayo. Nilimwambia aniwekee, nikarudi nyumbani kwa miguu, nikafungua bati, nikarudi dukani kwa miguu. Ni mwendo wa karibu saa nzima kwenda na kurudi. Mtu mwenye nia anaweza kuibadili mara kumi kwa mwendo huo. Sikuibadili hata mara moja. Nilikuwa nawaza vile watakavyonitazama kesho.

Na ile ya kila mwezi nimechukua ya kila kitu, ya mwaka mzima, nimesaini. Muuzaji alisema simu kama hii haipendezi kuilisha kidogo.

Wenzangu waliitazama asubuhi moja. Sasa wameizoea. Mimi nikifika nyumbani naiweka kifudifudi, kioo chini.

Kesho nitakuwekea wewe kifurushi cha ujumbe mfupi, kwenye kitochi chako kilicholala kwenye droo ya saa mbovu, ili angalau tuwe tunaandikiana. Unaona? Nimeandika kifurushi. Sikuandika yule mnyama. Kana kwamba nikikuandikia Kiswahili safi na mimi nitakuwa msafi.

Siwezi kuituma hii.


2 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha na imenisikitisha. Usione haya kwa ajili ya saa ya mjane, Baba. Umri ni umri.

Simu nimenunua. Hata ya kati niliiogopa bei, nikachukua ya chini kabisa. Haina mapambo yoyote, ila zamu naziona na msimamizi hanisumbui tena. Ya kila mwezi nimechukua ndogo. Kwa hiyo usihangaike juu yangu.

Kuhusu sikio, mambo yanakwenda, usiwe na wasiwasi.

Halafu na wewe sikukusahau. Nimekuwekea kifurushi cha mwezi. Si kikubwa, lakini kitakutosha, na kikiisha nitakuwekea kingine, kila mwezi. Sasa tutakuwa tunasikiana.

Nakimbilia kazini.

Binti yako akupendaye,
Kitindamimba


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mbili.

Barua yako naisoma kwa kioo changu cha jichoni, kile cha kutazamia vigurudumu. Mstari wa mwisho nimeusoma mara nne. "Sasa tutakuwa tunasikiana." Hukuandika ndani ya kifurushi kuna nini, na mimi siulizi, maana si mtoto. Hata hicho cha kila mwezi nimekielewa. Muuguzi alikwisha kunieleza habari za betri.

Kifurushi chenyewe hakijafika. Nimekwenda dirishani Jumatatu, nikaenda Alhamisi, leo nimekwenda tena. Bwana Risiti anatikisa kichwa. Leo alinigeuzia daftari lake nilisome mwenyewe, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Jina langu halimo. Simlaumu mtu. Ila nimemtazama usoni.

Mjane wa karani nimemwendea nikamwomba airudishe saa yake. Nimemwambia safari hii nitaisikiliza, sitaiuma. Hapo alicheka.

Na jambo moja nataka nikuambie, kwa kuwa sisi wazazi tunachelewa kusema. Pale kwa kinyozi walikuwa wanalalamika juu ya watoto wao, kila mtu wake ana simu ya bei ya ng'ombe na nyumbani hatumi hata salamu. Nikawaambia wangu kachukua ya chini kabisa ili baba yake asikie. Wakanyamaza. Nilitembea kurudi nyumbani bila kuhisi goti.

Ile "ndogo" ya kila mwezi uliyojichukulia, je, inakutosha? Usijinyime sana.

Baba yako,
Fundi Saa


28 Machi

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, zamu zimebana.

Kifurushi kiliingia tangu tarehe mbili. Nilipata uthibitisho siku ileile. Kwa hiyo kipo, wewe kitafute tu vizuri. Ila ujue kina siku thelathini, usipokitumia kinapotea.

Kwa kinyozi usiwe unanisifu, Baba. Sipendi.

Kitindamimba


12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako niliipata tarehe thelathini. "Kiliingia tangu tarehe mbili. Nilipata uthibitisho." Na pale dirishani ukutani pana tangazo, nimelisoma miaka yote: mzigo usiochukuliwa ndani ya siku thelathini ofisi haihusiki. Nikahesabu, ikabaki siku moja. Sikulala vizuri.

Kesho yake nilifika wakati basi la asubuhi linashusha, watu wamejaa. Nilimwambia Bwana Risiti anipe kifurushi changu. Akatikisa kichwa. Nikaweka barua yako dirishani, nikamwonyesha kwa kidole: kiliingia. Akasoma, akageuza daftari kama kawaida yake. Nikalifunga lile daftari kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Umekula sikio langu."

Kisha nikamwita mwizi. Mwanangu, mtu asiyesikia hajui sauti yake imepanda hadi wapi. Kinyozi anasema nilisikika hadi kwake, na kinyozi yuko nyuma ya soko.

Mkubwa wa ofisi alitoka. Walifungua stoo, wakatoa mizigo yote nje, wakaipanga juani, hadi viatu vya watu. Hakikuonekana. Wakamvua Bwana Risiti funguo mbele ya foleni. Alizitoa kwenye mkanda moja moja, akaziweka juu ya daftari, akachukua koti lake. Hakunitazama. Amesimamishwa kazi bila malipo mpaka ijulikane. Dirishani wameweka mama mmoja mgeni, anaita majina kwa sauti, na mimi nabaki nimesimama kama nguzo mpaka mtu aniguse bega.

Sasa fanya hivi. Ulipokituma hicho kifaa changu cha sikio ulipewa risiti. Nitumie namba yake. Mkubwa anasema kwa namba hiyo watajua kimepotelea mkono wa nani. Kama ni Bwana Risiti, atapelekwa mbele. Kama si yeye, nataka nijue mapema, maana nimemwita mtu jina baya na ana watu wa kulisha.

Mjane ameleta saa. Ipo ukutani, imesimama. Inanisubiri kama mimi ninavyosubiri.

Usikawie.

Baba yako


15 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Namba ya risiti haipo. Hakuna mzigo nilioutuma. Tafadhali usome hadi mwisho, hata ukitaka kuichana.

Kifurushi ndilo lile neno ulilolipigia mstari mwekundu. Bando. Ni maneno ya simu, mtu analipia awe anaweza kupiga au kuandika ujumbe kwa mwezi mmoja. Hakishikiki, hakiletwi na basi. Nilikiweka kwenye kitochi chako kilichomo kwenye droo, ujumbe mia moja, bei ya kipande cha sabuni. Niliogopa kuandika bando kwa sababu yako, nikaandika kifurushi, na "tutasikiana" niliandika kama watu wote wanavyosema.

Ningekuwa nimekosea lugha peke yake ningecheka nawe. Sikukosea lugha peke yake. Simu niliyonunua si ya chini. Ni ile ya juu. Nimeinunua kwa pesa ya sikio lako, yote, na chapa ya sikio bado iko kwenye soksi. Nilifanya hivyo kwa sababu wenzangu wawili walinicheka dukani. Nimetafuta sababu iliyo kubwa zaidi nikuandikie, haipo.

Na kuna baya zaidi. Barua yako ya tarehe ishirini, uliyotaja betri, niliielewa. Niliielewa hapohapo nilipokuwa nimesimama mashineni. Nikaikataa. Nikajiambia mzee anatania, nikakuandikia ile barua fupi yenye maneno ya kweli tupu ili nisikuambie ukweli. Kiliingia, uthibitisho, siku thelathini. Nilijua unaweza kwenda dirishani nayo. Mtu amevuliwa funguo kwa maneno yangu.

Leo asubuhi nimempigia mkubwa wa ofisi ya mabasi, kwa simu hiyohiyo. Nimemweleza hapakuwa na mzigo. Akauliza, "Sasa kifurushi kilikuwa nini?" Nikasema bando. Alicheka sana. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Dada, huyu mtu ana siku kumi na tano nyumbani." Amesema atamrudisha kazini kesho. Hizo siku kumi na tano hakuzisemea kitu. Nimemwuliza nani atazilipa, akasema nimwulize baba yangu.

Mchana nilirudi dukani. Muuzaji anaichukua simu kwa nusu ya bei, na ile ya kila mwezi haivunjiki, nimesaini mwaka. Nusu haifikii sikio. Nikiiuza sina simu, zamu zinanipita, na sikio bado huna. Nimekaa na hesabu hiyo siku nzima. Sema wewe, nitafanya unalosema.

Kwa kinyozi uliwaambia nimechukua ya chini ili usikie. Maneno yale nayasikia kila ninaposhika pasi. Naona aibu, Baba. Sijui niimalizie vipi barua hii.

Binti yako


27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Nilisoma barua yako nimeshika kalamu nyekundu, kwa mazoea. Sikupata pa kupigia mstari. Kiswahili chako kilikuwa safi mwanzo hadi mwisho, na ungeniandikia "bando" ningemwuliza mtu yeyote barabarani akaniambia. Hilo ni langu, nalibeba.

Mengine ni yako. Nimekukasirikia. Nimekaa na hasira hiyo siku nane kabla ya kuandika, ili nisiandike nayo yote. Hasira si ya pesa. Sikio limekosekana miaka mitatu, linaweza kukosekana wa nne. Hasira ni ile barua fupi. Uliniacha niende dirishani.

Simu usiiuze. Ukiiuza nusu umepoteza mara mbili. Ifanyie kazi, ila usiilaze kifudifudi kama mgonjwa; najua unafanya hivyo, nakujua. Pesa utairudisha kwenye bati kidogokidogo. Zile siku kumi na tano za Bwana Risiti nimezilipa mimi. Nimeuza saa yangu ya mkononi, ile niliyojitengenezea. Sikuandikii hili uumie, nakuandikia kwa sababu ukija utaniona mkono mtupu na utauliza.

Saa ya mjane nimeirudisha. Nimemwambia sisikii, na sitasikia hivi karibuni, atafute fundi mwingine. Kumbe kulisema ni maneno machache tu.

Kwa kinyozi nimekwenda pia. Niliwaambia simu ni ile ya juu na sikio halipo, wakanyamaza kama ile siku, ila kimya hakikuwa kilekile.

Sasa Bwana Risiti. Jumatatu nilimwona kwa mbali, amerudi dirishani. Sikuweza kuvuka barabara. Jumanne sikuweza. Jumatano nilivaa shati nililolivaa mazishini kwa mama yako, nikapanga foleni kama mtu mwenye mzigo. Nilitaka watu wawe wengi, maana siku ile walikuwa wengi. Nilipofika mbele niliweka bahasha ya zile siku kumi na tano juu ya daftari lake. Nikamwambia, "Nilikuita mwizi, na hukuiba. Hapakuwa na kitu cha kuiba. Nimekosa, nisamehe." Nilijitahidi kusema kwa sauti ileile niliyomtukana nayo, kadiri nilivyoweza kukisia.

Bahasha hakuigusa kwanza. Alichukua kalamu akaandika kitu daftarini, ameinama. Na hapohapo, bila kuinua kichwa, akasema neno. Si neno moja, ni maneno kama saba au nane. Niliona shavu linacheza. Midomo sikuiona.

Ningeweza kumwambia, "Sikukusikia, sema tena." Watu wote pale walikwisha kujua mimi ni kiziwi, sikuwa na cha kuficha. Ningeweza kumwomba aniandikie, mtu yule anaandika kila kitu. Lakini mwanangu, hata kwa mtu aliyekwisha kuvuliwa nguo zote bado kuna kitambaa kimoja anachokishika. Nikaona haya.

Nikamjibu, "Na wewe pia."

Watu wa foleni walitazama chini. Mama aliyekuwa nyuma yangu, aliyenishika bega kunijulisha zamu yangu imefika, aliuondoa mkono. Bwana Risiti aliinua macho, akanitazama muda mrefu, akakata risiti ya ile bahasha, akanipa. Nilisaini mahali pawili, nikatoka.

Risiti ninayo hapa. Imeandikwa kiasi na tarehe, basi. Nimeitazama kwa kioo cha jichoni, mbele na nyuma.

Kwa hiyo sijui. Labda alisema amenisamehe. Labda alisema Mungu anilaani mimi na uzao wangu, nami nikamrudishia vivyo hivyo mbele ya watu. Tangu siku ile, nikipita ng'ambo ya barabara, hainui kitu. Labda ni kwa sababu hujaandika.

Nimekuomba machache maishani. Hili nakuomba. Chukua likizo uje. Kabla hujafika nyumbani, nenda dirishani, upange foleni, umwambie wewe ni nani. Mwulize alisema nini siku ile. Kisha usiniambie kwa mdomo. Niandikie, kama ni zuri au ni baya, neno kwa neno kama alivyolisema yeye. Hata kama si Kiswahili safi.

Baba yako,
Fundi Saa